Weusi wa Kununua

Mama yake ndiye aliyembandika jina la Kaniki, kile kitambaa cheusi, siku ileile aliyozaliwa. Mtoto alikuwa mweusi tii, mweusi wa kung'aa, na mama, aliyekuwa fundi cherehani, hakuwa na kipimo kingine cha rangi isipokuwa vitambaa. Jina la kwenye cheti lilikuwepo, lakini hata mwalimu wa darasa la kwanza alilisahau. Alipofika miaka tisa alipandishwa kwenye cherehani ya mama yake, juu ya mito miwili, na mguu wake haukufika chini vizuri. Ndiyo maana hakuwahi kukanyaga kwa wayo mzima kama mafundi wengine. Alikanyaga kwa ncha, kwa pale chini ya kidole gumba: mara tatu za haraka, halafu kituo kidogo kama mtu anayemeza mate, halafu tatu tena. Mama alimgombeza kwa hilo mpaka akachoka. Mtoto akarefuka, mguu ukafika, mwendo haukubadilika.

Tusimfiche: Kaniki alijichubua. Alianza akiwa na miaka ishirini na sita, mwaka aliofungua kibanda chake mwenyewe kwenye baraza la maduka, na hakuna aliyemlazimisha, ingawa karibu wote walisaidia. Wateja waliingia wakamuuliza, "Fundi mwenyewe yuko wapi?" wakidhani ni mfagiaji. Mchumba wake wa wakati huo alipenda kutania kwamba taa ikizimika itabidi amtafute kwa kupapasa. Watu walicheka, Kaniki naye akacheka, kisha akaenda duka la jirani kununua mkorogo.

Mwenye duka hilo aliitwa Dokta Sura. Hakuwa daktari wa kitu chochote. Alikuwa muuza vipodozi mwenye koti jeupe na ulimi wa asali, na hata hilo koti alishonewa na Kaniki. Miaka ishirini ya mafuta yake ilimgeuza Kaniki akawa rangi ya mkate ambao haujaiva, isipokuwa vifundo vya vidole, ambavyo vilikataa katakata. Mchumba aliondoka vilevile. Mama alisema mara moja tu, "Kitambaa changu kimechuja," akarudi kwenye kazi yake. Hakuwa mwanamke wa kurudiarudia maneno.

Kisha mama akaanza kusahau. Kwanza alisahau sufuria jikoni, halafu njia ya kurudi nyumbani, halafu kwamba mumewe alikwisha kufa. Kaniki na mdogo wake, mwanamke mkimya anayefua mashuka hospitalini, walimchukua wakakaa naye kwenye nyumba yao ya vyumba viwili, kimoja cha mbele na kimoja cha ndani, pazia katikati. Mama alipewa kitanda cha chumba cha ndani. Cherehani yake ya zamani ilibaki kule kibandani kwa Kaniki, maana ndiyo iliyokuwa ikiwalisha wote watatu.

Mdogo mtu alitambuliwa. Siku nyingine aliitwa kwa jina la shangazi, lakini alijulikana kuwa ni wa nyumbani, akaruhusiwa kumwogesha mama na kumvisha. Yeye rangi yake ilikuwa ileile aliyozaliwa nayo. Kaniki ndiye aliyegeuka mgeni ndani ya nyumba yake.

"Wewe nani?" mama aliuliza asubuhi moja alipoletewa chai.

"Ni mimi, mama. Kaniki."

"Usinichezee, binti. Kaniki wangu ni mweusi. Wewe umetoka ofisi gani?"

"Ni mimi, mama, nitazame vizuri."

"Nimekutazama. Macho ninayo." Mama akasukuma kikombe. "Kama unamjua Kaniki, mwambie mama yake anaumwa. Mwambie mbona haji?"

Hilo la "mbona haji" ndilo lililomla. Alilisikia asubuhi, akalisikia jioni. Mama alikaa kitandani akimlilia binti aliyemtupa, na binti mwenyewe amepiga magoti mbele yake ameshika kijiko. Kwenye kliniki walikwisha kuwaambia wasitarajie nafuu. Majina yatakwenda moja moja, na hata hilo la Kaniki litakwenda, huenda kabla mwaka haujaisha. Kaniki hakutaka muujiza. Alitaka mama amtazame mara moja tu, amwite kwa jina lake, kabla jina lenyewe halijafutika.

Akatupa mkorogo wote. Ngozi haikurudi. Ilikuwa nyekundu mashavuni, nyembamba kama karatasi ya kufungia sabuni, na jua likimpiga dakika tano inawaka. Dokta Sura alimwona akijifunika kitenge uso mzima, akatoka dukani kwake na lile koti.

"Fundi, kwani shida nini? Unataka kurudi ulikotoka? Njia ipo."

"Njia gani?"

"Sindano." Akamwonyesha kichupa kidogo chenye unga mweupe chini, hakina karatasi wala jina, tarakimu tu kwenye kifuniko. "Ng'ambo huko weupe wanajidunga hii wapate weusi bila kukaa juani. Sembuse wewe, ambaye weusi unao, umelala tu? Hii inakwenda kuugongea mlango."

"Haina madhara?"

"Madhara ya nini, fundi? Imetengenezwa maabara."

Kama maneno hayo yangekuwa kitambaa, Kaniki angekivuta, angekinusa, angekitazama kwenye mwanga na kumrudishia mwenyewe. Lakini mfa maji haachi kutapatapa. Alinunua moto kwa mtu huyo miaka ishirini, sasa akanunua na maji kwake. Alifundishwa kuutia unga maji ya chupa nyingine, kubana nyama ya tumbo kwa vidole viwili na kuchoma. Mtu anayetia uzi kwenye tundu la sindano mara mia kwa siku haogopi sindano.

Siku ya kwanza alidhani anakufa. Nusu saa haikupita, uso ukawaka moto, akatapika nyuma ya kibanda kama mjamzito. Baadaye likaja jambo la ajabu zaidi: miayo. Alipiga miayo akimpima mteja kifua, akapiga miayo akimpa rambirambi jirani aliyefiwa, miayo kumi mfululizo isiyo na usingizi wowote, mpaka mteja aliyeleta sare za shule akamuuliza kama anamchosha. Hamu ya chakula ilikufa. Kufikia mwezi wa pili alikuwa akipunguza magauni yake mwenyewe kiunoni.

Na rangi ikaja. Ilikuja kweli, Dokta Sura hakusema uongo kwa hilo, na ndiyo hatari ya watu wa namna yake, kwamba kuna kitu kimoja huwa hawasemi uongo. Weusi ulianza midomoni na kwenye makovu, ukapanda shingoni, ukaingia usoni kwa mabaka, kama kitambaa kilichotumbukizwa kwenye rangi kikiwa kimekunjwa. Mgongoni vikaota vidoa ambavyo havikuwepo. Mdogo wake aliviona akimsaidia kufunga zipu.

"Dada, hivi ni nini?"

"Ni rangi inarudi."

"Rangi inarudi kwa matone?"

"Mvua nayo huanza kwa matone," Kaniki akajibu, na mdogo wake akaipandisha zipu hadi juu.

Mwezi wa tatu, mama alipoletewa chai, hakusukuma kikombe. Alimkazia macho Kaniki muda mrefu, akanyoosha mkono, akamgusa shavu.

"Nani amekuunguza?"

"Hakuna, mama."

"Nakufananisha na mtu," mama akasema polepole. "Sijui nani. Nakufananisha na mtu."

Kaniki alitoka nje akalia kwa furaha, akiegemea ukuta wa choo. Mchana huo akapita kwa Dokta Sura akachukua vichupa viwili badala ya kimoja. Ukimwona mtu anakimbilia shimoni huku anacheka, ujue kuna aliyemwita kutoka upande wa pili.

Sasa tufike kwenye mguu. Kikanyagio cha cherehani ile ni cha chuma, na mafundi wote wa baraza lile hukifunga kipande cha mpira wa ndani wa tairi ili wayo usiteleze. Joto likizidi, mpira hulainika na kuacha weusi mguuni. Hakuna fundi pale asiye na wayo mweusi. Wao wenyewe husema hicho ndicho cheti chao. Jioni, kazi ikiisha, hukaa kwenye ngazi na ndoo moja ya maji, kila mtu na jiwe lake, wakisugua na kutaniana.

Kaniki alikuwa na kidoa chini ya kidole gumba cha mguu wa kulia tangu zamani, cha ukubwa wa kichwa cha pini. Kiliposambaa kikawa kama kifungo cha shati, yeye aliona mpira. Nani asingeona mpira? Alisugua. Kingo zake zilikuwa zimechongoka upande mmoja, nyeusi pengine na kahawia pengine, akasugua zaidi. Mwezi wa nne kikawa kifungo cha koti.

"Kaniki," akasema fundi wa suruali aliyekuwa ngazi ya chini yake, "weusi wako wote umeshukia mguuni!"

Baraza zima lilicheka, Kaniki akacheka kuliko wote, akaomba jiwe la mwenzake kwa kuwa lake limelainika. Siku hiyo maji ya ndoo yakawa mekundu. Alidhani amejikwaruza. Akabadilisha kipande cha mpira, akafunga wayo kitambaa, akaendelea kukanyaga palepale, kwa ncha, mara tatu na kituo, kwa sababu hakujua kukanyaga kwingine.

Mdogo wake ndiye aliyeona damu kwenye mkeka, alama za mguu mmoja kutoka mlangoni hadi kitandani kwa mama. Hakuuliza. Alimshika dada yake mkono kesho yake asubuhi, kwa mara ya kwanza maishani akampandishia sauti, akampeleka hospitali anakofanya kazi.

Daktari alikuwa mwanamke kijana mwenye sauti ndogo. Alipiga magoti, akauweka mguu wa Kaniki kwenye paja lake.

"Hii ilianza lini?"

"Hiyo ni rangi ya mpira, daktari. Mafundi wote tunayo."

Daktari akalowesha pamba kwenye spiriti, akapangusa mara ya kwanza, ya pili, ya tatu, kwa nguvu. Akamwonyesha pamba. Ilikuwa nyeupe kama ilivyotoka kwenye pakiti.

Kaniki aliitazama ile pamba. Miaka thelathini na saba ya kujua vitambaa, anajua rangi inayotoka na rangi isiyotoka. Hakuhitaji kuelezwa.

Walikata kipande kidogo kikapelekwa maabara. Daktari akapapasa kinena, akakuta mitoki miwili migumu, akauliza kama kuna dawa yoyote anayotumia. Kaniki akataka kukana. Mdogo wake akafungua mkoba akakitoa kichupa; kumbe alikiona siku nyingi kwenye friji, nyuma ya dawa za mama.

Majibu yaliporudi yalikuwa saratani ya ngozi, ile inayotokana na chembe za rangi zenyewe. Daktari hakumpigia kelele, na Kaniki angependa apigiwe kelele.

"Siwezi kuapa kwamba sindano ndiyo iliyoileta," alisema. "Kidoa kilikuwepo, na saratani hii hupenda nyayo za watu weusi hata bila sindano. Lakini dawa hii inaiga kitu kinachoziamsha chembe za rangi mwili mzima. Haichagui. Ukiziamsha nzuri, unaziamsha na mbaya. Nyie mlikuwa mnatazama uso, na hakuna aliyetazama chini."

"Mtaikata nyama hiyo?"

"Tutaukata mguu. Kwenye kifundo. Kisha tutaona hiyo mitoki imebeba nini."

Barazani habari zilitangulia kufika. Msiba wa kujitakia hauna kilio, walisema, na waliosema zaidi ni walewale wanaochanganya mafuta yao kwenye vikopo vya siri. Dokta Sura alifunga duka kwa wiki nzima, akafungua mtaa wa pili akiwa na koti lilelile. Na kilio kilikuwepo, wasidanganyane. Mdogo mtu alilia kwenye chumba cha kufulia, kelele za mashine zikamfunika.

Siku moja kabla ya kulazwa, Kaniki alikuwa na sketi tatu za shule alizoahidi. Kutembea hadi kibandani hakuweza. Akawaomba fundi wa suruali na mwenzake wamletee cherehani nyumbani, wakaibeba adhuhuri, wakaiweka chumba cha mbele karibu na mlango, wakaondoka bila utani wowote. Mama alikuwa amelala chumba cha ndani, nyuma ya pazia. Mwezi huo alikuwa hamfananishi tena Kaniki na mtu yeyote. Aliliuliza pazia, aliuliza ukuta, mbona Kaniki haji.

Kaniki akatia uzi, akaweka wayo uliofungwa bandeji juu ya mpira, akauma meno. Mara tatu. Kituo. Mara tatu.

"Kaniki!"

Mikono yake ikaganda juu ya kitambaa. Jikoni, mdogo wake akaacha bomba linamwaga maji.

"Kaniki, mbona umeacha? Hiyo haijaisha, nasikia."

Alisimama akirukaruka kwa mguu mmoja, akashika ukuta, akalifungua pazia. Mama alikuwa amekaa kitandani, uso umechangamka kama wa zamani. Alimtazama yule mwanamke wa mabaka, mweusi wa miezi mitano ya sindano, kutoka juu hadi chini, na uso ukafungika.

"Samahani, binti," akasema kwa adabu. "Niitie huyo anayeshona hapo mbele. Ni mwanangu."

Kaniki alitaka kupiga kelele. Alitaka kuivua ngozi yote, ile ya kuchubua na ile ya kununua, aiweke miguuni pa kitanda. Badala yake akasema, "Nitakuitia, mama," akaliacha pazia lianguke, akarudi kwenye kiti. Mara tatu. Kituo. Mara tatu.

"Umerudi?" sauti ikauliza kutoka ndani.

"Nimerudi, mama."

"Ulikuwa wapi siku zote hizi?"

"Kazini. Nisamehe, mama."

"Nilishakusamehe. Shona." Mama akaisikiliza cherehani. "Lakini bado unakanyaga kwa ncha, Kaniki. Nimekwambia mara ngapi? Utakuja kuuumiza huo mguu."

Mdogo wake alikuwa amesimama mlangoni, maji yanamchuruzika mikononi. Kaniki hakumtazama. Alikanyaga, na walizungumza, mama upande wake wa pazia na yeye upande wake: habari za mteja aliyekataa gauni la harusi, za baba, za ile mito miwili. Kaniki akituliza mguu ili akate uzi, mama alinyamaza na kuanza kupotea; akikanyaga tena, mama alirudi. Sketi ya kwanza ikaisha, ya pili, ya tatu. Damu ilikuwa imepita bandeji ikaufikia mpira.

"Inuka, dada," mdogo wake akanong'ona. "Nikanyagie mimi. Pumzika kidogo tu."

Kaniki akampisha. Mdogo wake akaketi, akakanyaga kwa wayo mzima, kwa upole, sawasawa kabisa.

"Huyo nani?" mama akafoka. "Mwambieni asiguse cherehani ya mwanangu!"

Kaniki akarudi kwenye kiti. Hapakuwa tena na kitambaa cha kushona, akachomoa uzi usije ukajisokota, akaweka mguu mahali pake.

"Kaniki?"

"Naam, mama."

"Kesho utashona nini?"

Mkoba wa hospitali ulikuwa tayari karibu na mlango, kanga mbili na kikombe. Mdogo wake akageuza uso ukutani.

"Gauni lako, mama."

"Haya. Rangi chagua wewe. Ila usinichagulie kitu cha kuchuja."

Kaniki akasema hakitachuja, akakanyaga mara tatu, akatulia, akakanyaga tena, na sindano ikapanda na kushuka juu ya chuma kitupu.